Takhmisi ya Mkasi

Atokaye Mnazi Mmoja kwa Mtaa wa Uhuru akielekea Kariakoo hupita mbele ya maduka ya kanga yaliyopangana ubavu kwa ubavu. Nguo zimetundikwa hadi juu ya milango, na zilizobaki zimekunjwa kwa namna ambayo jina la kanga huonekana upesi kama rangi yake. Mnunuzi husoma kwanza, ndipo akashika. Wakishaafikiana bei hupewa doti, yaani vipande viwili vilivyo pacha, navyo bado havijatengana, kwa kuwa vimetoka kiwandani vikiwa nguo moja ndefu. Ni mwenyewe mnunuzi, au fundi cherehani aliyeketi barazani, atakayepitisha mkasi katikati na kupinda ncha. Kanga haivaliki kama ilivyotoka kiwandani. Sharti kwanza ikatwe.

Mkasi huo una historia ndefu. Makala haya yanaifuata historia hiyo hadi mahali ambapo wengi wetu hatukuzoea kuitafuta, katika kazi za wasanii wawili wanawake, mmoja mzaliwa wa Nairobi na mwingine mzaliwa wa Unguja, ambao wamezichukua picha za chapa za kale za Ulaya wakazikata, wakazipaka rangi, wakazitia sura mpya za ajabu kama za njozi. Wahakiki wa Ulaya na Marekani huwaingiza katika ukoo wa kolaji uliozaliwa Paris na Berlin. Mimi naona wana ukoo mwingine ulio karibu zaidi nasi, na jina lake tunalo sisi wapenzi wa ushairi.

Hata jina la Kariakoo lina alama ya mkasi. Waingereza walipoitwaa Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani mnamo Septemba 1916, mahali pale paligeuzwa kambi ya wapagazi wa kijeshi, kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Wapagazi wale, waliokusanywa kila pembe ya Afrika Mashariki, walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Watu wa mji walilitia jina lile kinywani, wakazikata konsonanti zilizowasumbua, wakaziba mapengo kwa irabu, likatoka Kariakoo. Nairobi iliikata nguo hiyo hiyo ikapata Kariokor. Leo mtu hulitaja jina lile akiwazia vitunguu, simu na viatu, na jengo kubwa la soko lililobuniwa na Beda Amuli katika miaka ya 1970 na kuungua Julai 2021. Wapagazi hawamjii akilini. Ila wamo ndani ya neno, kama uzi wa zamani ulivyomo ndani ya pindo.

Kanga nayo ilianza kwa mkasi na sindano. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa walikuwa wakinunua vitambaa vya mkononi vilivyochapwa Ulaya, vilivyofika madukani vikiwa bado gora moja, kimoja hakijatengwa na kingine. Jina lake lilikuwa la Kireno, lenço, nasi tukalifanya leso. Mwenye kiwanda alikusudia vikatwe kimoja kimoja, vifutiwe jasho na pua. Wanawake wa pwani hawakulifuata kusudi hilo. Walikata vitatu vitatu, wakaziunga safu mbili, vikawa sita, na vitambaa sita vya pua vikawa vazi la mwili. Mistari ya pembeni ya kila kitambaa, ambayo kule Ulaya ilikuwa mpaka tu, sasa ilikutana katikati ya nguo ikafanya umbo ambalo mchoraji wa kwanza hakulifikiria. Hapakuwa na chapa mpya hata moja, na picha ilikuwa mpya.

Wafanyabiashara walipoona hivyo waliagiza nguo nzima kutoka Manchester na Uholanzi, iliyochapwa kwa mtindo uliobuniwa na sindano za wanawake. Basi kiwanda kikawa kinaiga kiraka. Umbo likatulia katika sehemu tatu tunazozijua, pindo, mji na jina. Jina liliandikwa kwanza kwa hati ya Kiarabu, baadaye kwa hati ya Kilatini, na nguo za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyeanza biashara yake mwaka 1887, zilijulikana pwani nzima kwa alama ya Mali ya Abdulla. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, kilikuja baada ya mambo haya yote kuwa yamekwisha kupangwa na watu ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Na jambo hili halikuwa la urembo peke yake. Hadi mwisho wa karne ile mtumwa wa kike wa Unguja alitambulikana kwa nguo, ama merikani isiyo na rangi, ama kaniki iliyotiwa nili hadi ikawa karibu na nyeusi. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897. Laura Fair, mwanahistoria aliyeiandika habari ya mavazi ya mji ule, ameonyesha jinsi wanawake waliotoka utumwani walivyoiacha kaniki na kujifunga kanga, ili atakayewaona njiani ajue kuwa hali imebadilika. Nguo iliyozaliwa kwa kuikata chapa ya mgeni ikawa hati ya uungwana kwa mtu ambaye hakupewa hati nyingine.

Sasa tuziache nguo, tuingie katika karatasi.

Katika maduka ya Mji Mkongwe wa Unguja wauzao vitu vya kale huuza pia picha za chapa zilizobanduliwa katika vitabu vya wasafiri wa karne ya 19 au zilizonakiliwa humo: majahazi, misafara ya watumwa, wafalme wa bara waliokaa juu ya vigoda, mji wa Unguja ukitazamwa kutoka baharini. Mtalii hununua, akatia fremu, akatundika. Nasi pia huzitundika, hotelini na maofisini, na waandishi wa vitabu vya shule huzichapa tena pembezoni mwa masomo ya historia, kana kwamba mchongaji alikuwa amekaa juu ya jiwe huko Ujiji akiangalia yaliyompitia.

Hakuwapo. Namna picha zile zilivyotengenezwa inafaa ielezwe polepole, kwani humo ndimo lilimo jambo. Msafiri alirudi Ulaya na michoro ya penseli iliyofifia, au na maneno matupu katika daftari. Mchoraji wa London aliichukua michoro hiyo akaitengeneza upya juu ya ubao mgumu uliopigwa msasa hadi ukalainika. Miti iliyotoa ubao ule haikuwa minene, kwa hiyo picha kubwa ilihitaji vipande kadhaa vilivyoungwa kwa skrubu kwa nyuma. Kazi ikiwa ya haraka, kama ilivyokuwa daima katika magazeti ya picha yaliyoanza na Illustrated London News mwaka 1842, ubao ulifunguliwa na kila mchongaji akapewa kipande chake. Huyu alichonga nusu ya mtumbwi, yule akachonga mabega ya mpagazi, wa tatu akachonga anga. Usiku ukiisha vipande viliungwa tena, na stadi mmoja akaipitia mishono ili isionekane. Wengi wao hawakupata kuiona Afrika maisha yao yote, na kila mmoja, usiku ule, hakuuona hata mwili mzima wa mtu aliyekuwa akimchonga.

Kwa hiyo zile picha tunazoziita ushahidi zilikuwa kolaji tangu mwanzo. Zilikatwa, zikaungwa, zikafichwa mshono. Mwaka 1874 Susi na Chuma, ambao walikuwa wameibeba maiti ya Livingstone kutoka bara hadi Bagamoyo pamoja na wenzao, walipelekwa Uingereza wakamsaidia Horace Waller kuziweka sawa daftari za marehemu. Hao waliyaona kwa macho. Lakini kitabu kilipotoka mwaka huo huo, wenye picha walikuwa wachora na wachongaji, na watu waliochorwa minyororoni hawakuwa na majina. Katika picha za namna hii jina la mchongaji limo, pembeni chini, kwa herufi ndogo nadhifu.

Mjerumani Max Ernst alikuwa wa kwanza kuupata umaarufu mkubwa kwa kuzikata chapa za namna hiyo. Mwaka 1933 alichukua vitabu vya hadithi za bei rahisi na vitabu vya elimu ya viumbe vya karne iliyopita, akakata na kubandika kwa ustadi ambao jicho halioni pa kuanzia, na mwaka 1934 akatoa Paris kitabu cha picha zaidi ya 180 kiitwacho Une semaine de bonté. Ndani yake mna mabwana wenye vichwa vya simba, mabibi wenye mbawa, maji yanayofurika vyumba vya kulala. Ni kitabu kikubwa, na sina nia ya kukipunguzia sifa. Ila yafaa kuangalia alichokata. Alikata sebule ya wazazi wake, sofa lao, mapazia yao, ndevu za majirani. Picha ilikuwa ya kwao na ilikuwa shwari, naye akaitia wazimu. Anayefungua picha ya msafara wa watumwa hana nafasi hiyo. Picha imekwisha kuwa na wazimu kabla hajaugusa mkasi.

Wangechi Mutu alizaliwa Nairobi mwaka 1972, akasomea sanaa New York na Yale, na siku hizi huishi baina ya New York na Nairobi. Wengi wamemjua tangu mwaka 2019, sanamu zake nne za shaba ziliposimamishwa mbele ya jumba la makumbusho la Metropolitan. Kazi ninayoikusudia hapa ni ya zamani zaidi, ya katikati ya miaka ya 2000. Ni mfululizo wa kolaji 12, na kila moja imebandikwa juu ya ukurasa wa kitabu cha zamani cha utabibu kilichoonyesha maradhi ya tumbo la uzazi. Jina la mfululizo, Histology of the Different Classes of Uterine Tumors, limeachwa kavu kama lilivyokuwa likisemwa na madaktari: elimu ya chembechembe za aina mbalimbali za uvimbe wa mji wa mimba. Ukurasa haukufichwa. Maandishi ya daktari yanasomeka, mistari yake ya kuelekezea inaonekana. Lakini juu ya viungo vilivyochorwa vimekaa macho na midomo iliyokatwa katika magazeti ya mitindo, na manyoya, na vumbi la kumetameta, hata kiungo cha uzazi kikawa uso, na uso ule unamtazama anayeutazama.

Si picha za kupendeza, na sitamlaumu msomaji atakayezifunika haraka. Nilipozitazama nilimkumbuka J. Marion Sims, tabibu wa Alabama aliyesifiwa kuwa baba wa elimu ya maradhi ya wanawake, ambaye katika miaka ya 1840 aliwapasua mara kwa mara wanawake watumwa bila ya dawa ya kuwatia ganzi. Majina ya watatu kati yao yamehifadhiwa: Anarcha, Lucy na Betsey. Elimu iliyojaza kurasa zile haikutoka hewani. Mutu hakuichana karatasi ya daktari. Aliiacha iendelee kusema, akampa mgonjwa macho.

Hapa ndipo penye lile jina nililolitaja. Wasomaji wa jarida kama hili wanaijua takhmisi. Mshairi huuchukua ubeti wa mshairi mwingine, mara nyingi aliyekwisha kufa, akauacha maneno yake yote kama yalivyo, kisha akautangulizia mishororo yake mitatu kwa kina kile kile, ukawa ubeti wa mitano. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, mwenye Al-Inkishafi, alifanya hivyo kwa beti zinazonasibishwa na Fumo Liyongo, na kazi yake tunaiita Takhmisa ya Liyongo. Ajabu ya takhmisi ni kwamba neno la kale ndilo linalofunga ubeti, halikuguswa hata herufi, na bado maana yake haibaki ilivyokuwa, kwa sababu sikio limelifikia kwa njia nyingine.

Mimi ni mfasiri, na kila mfasiri anakijua kishawishi cha kumrekebisha mwandishi anayemfasiri, kulilainisha tusi lake, kumfanya awe mtu mwema kuliko alivyokuwa. Takhmisi haina ruhusa hiyo. Mtiaji takhmisi amefungwa na kina cha mwingine, na akitaka kumpinga lazima ampinge kwa vina vyake. Nimewasikia watu ninaowaheshimu wakisema kuwa picha zile za kale za fedheha zitolewe kutani, zichomwe, watoto wasizione. Naelewa uchungu wao. Lakini karatasi ikichomwa hapa, nakala yake imebaki London, nasi tutakuwa tumejinyima mishororo miwili ambayo juu yake tungeliweza kuijenga yetu mitatu.

Aliyeijenga kwa upana kuliko wote ni Lubaina Himid. Alizaliwa Unguja mwaka 1954, baba yake akiwa na asili ya Komoro na mama yake Mwingereza. Baba alifariki kwa malaria mtoto akiwa na miezi minne, mama akarudi naye Uingereza. Mama huyo alikuwa mbuni wa michoro ya vitambaa, jambo ambalo mtu wa Mtaa wa Uhuru angeliona ni habari muhimu kuliko shahada yoyote. Himid alikuwa profesa wa sanaa Preston, na mwaka 2017, akiwa na umri wa miaka 63, akapewa Tuzo ya Turner, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata.

Mwaka 1986 aliichukua picha ya William Hogarth, ya nne katika sita zile ziitwazo Marriage A-la-Mode, ambazo chapa zake zilitolewa mwaka 1745 na kutundikwa katika nyumba nyingi za Uingereza kama zinavyotundikwa kalenda kwetu. Bibi wa kitajiri anatengenezwa nywele huku akizungumza na mpenziwe, wageni wanasikiliza mwimbaji, na mtumishi mweusi anagawa chokoleti ambayo hakuna anayemtazama akiigawa. Himid aliikata picha ile kwa ukubwa wa watu, kwa mbao zilizopakwa rangi na kusimamishwa sakafuni. Bibi akawa Margaret Thatcher, mpenziwe akawa Ronald Reagan, na mtumishi akawa mwanamke mweusi msanii aliyesimama kwa kujiamini. Mpangilio wa Hogarth haukuvunjwa. Aijuaye chapa huijua mara moja, na ndipo kicheko kinapomshika.

Baadaye, mwaka 2004, akatengeneza watu 100 wa mbao waliokatwa hivyo hivyo, watumwa wa majumba ya kifalme ya Ulaya, kila mmoja akiwa na jina la kwao na jina alilobandikwa na bwana. Kazi hiyo huitwa Naming the Money. Kwa mtu aliyelelewa baina ya kanga, ambapo nguo isiyo na jina ni nguo iliyopungukiwa, hili halihitaji mhakiki wa kulifafanua.

Lakini iliyo karibu zaidi na maudhui yetu ni ile ya sahani. Mwaka 2007 Uingereza iliadhimisha miaka 200 tangu bunge lake lipige marufuku biashara ya watumwa. Mji wa Lancaster, kaskazini-magharibi ya nchi ile, ulikuwa bandari ya nne kwa ukubwa wa biashara hiyo katika karne ya 18, nyuma ya Liverpool, London na Bristol, na utajiri wake ulikaa katika meza za mahogani ya Karibi zilizotengenezwa na akina Gillow. Himid alizunguka maduka ya vitu vya zamani ya Lancaster, Preston na Whitehaven, akanunua sahani, majagi na mabakuli ya mchuzi ya kale, jumla vyombo 100, akavipaka rangi juu ya michoro yake ya asili, kisha vikaandaliwa katika jumba la makumbusho la Judges' Lodgings kana kwamba wageni wako mlangoni. Aliiita kazi hiyo Swallow Hard.

Vyombo vingi vya namna ile ni chapa, sawasawa na picha za vitabu. Mchoro huchongwa kwenye bamba la shaba, hupakwa wino, hupigwa juu ya karatasi nyembamba, na karatasi hiyo hugandamizwa juu ya udongo kabla ya kutiwa mng'aro na kuchomwa tena. Liverpool iliianza biashara hii kwa nguvu katika miaka ya 1750, wakati ambapo meli zake zilikuwa zikipeleka watu Karibi. Maua ya buluu, daraja, mti wa Kichina, nyumba ya bwana juu ya kilima. Juu ya hayo Himid amepaka nyuso za watumishi weusi, zimetulia, zimejaa sahani nzima, na maua ya asili yakiwazunguka kama pindo linavyouzunguka mji wa kanga. Katika sahani nyingine mabwana na mabibi wenye mawigi wanatapika. Wamesikia habari ya mwaka 1807, wameipiga hesabu, na tumbo limekataa. Mtu asiyejua lolote juu ya sanaa hucheka kwanza, na akitazama pembeni ya matapishi akayaona yale maua ya buluu aliyoyaona kwa nyanyake, kicheko humkatikia.

Tumeipenda sahani hii sana huku kwetu, sisi tulioiona vitabuni, na tumejivunia kuwa binti wa Unguja amewatapisha mabwana wa Lancaster. Mimi pia nimejivunia. Lakini kuna jambo ambalo katika mazungumzo yetu tunalizunguka. Sahani zilizotundikwa kutani si desturi ya Waingereza peke yao. Nyumba kubwa za mawe za pwani zilikuwa na zidaka, vishubaka vilivyochongwa safu kwa safu ili kupanga vyombo vya thamani, vya China kwanza, na katika karne ya 19 vya viwanda vya Uingereza na Uholanzi vilivyochapwa kwa bamba lile lile. Washairi wetu wameziimba zidaka. Vyombo vile vililipiwa kwa pembe na kwa karafuu, na karafuu zilipandwa, zikapaliliwa na kuchumwa na watu walionunuliwa. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba alioutia saini Sayyid Barghash bila ya kupenda. Dar es Salaam yenyewe, Sayyid Majid alipoanza kuijenga katika miaka ya 1860 karibu na kijiji cha Mzizima, iliwekewa mashamba yaliyolimwa na watumwa. Tanganyika haikuufuta utumwa katika sheria zake hadi mwaka 1922, na kambi ya wapagazi ya Kariakoo ilikuwa imekwisha kutangulia.

Sisemi kuwa Himid alitakiwa aifanye kazi hiyo. Yeye alizichukua sahani za mji anaoufahamu, zilizo karibu na meza yake, na ndiyo haki ya msanii. Isitoshe, mwishoni mwa miaka ya 1990, baada ya kurudi kuitazama Unguja aliyoiacha akiwa mchanga, alichora mfululizo aliouita Zanzibar, na si picha za mtalii hata kidogo: ni mvua, ni mapazia, ni msiba wa mwanamke aliyefiwa na mume mbali na kwao. Baadaye tena, mnamo 2011 na 2012, alitengeneza michoro ya kanga juu ya karatasi, Kangas from the Lost Sample Book, kama kurasa za kitabu cha sampuli ambacho muuza nguo amekipoteza. Zina pindo, zina mji, zina jina. Majina yake ni ya Kiingereza, na msomaji wa Mtaa wa Uhuru angalitaka ajue yangesikikaje kwa Kiswahili. Hiyo ni kazi ya mfasiri, na si nyepesi, maana jina la kanga huwa na watu wawili ndani yake, anayeambiwa na anayepita akajidhania ameambiwa yeye.

Ninalosema ni kwamba mishororo mitatu ya zidaka bado inatusubiri sisi. Leso tuliitilia yetu, na tuliitilia vizuri hata Manchester ikatuiga. Jina la Carrier Corps tuliitilia pia, bila ya kukusudia. Picha za wachongaji wa London zimepata Mutu, na za Hogarth zimepata Himid. Sahani zetu wenyewe zimekaa bila ya kuguswa, safi, katika mashairi na katika majumba ya makumbusho, na hakuna uso uliopakwa juu yake.

Kaskazini ya Dar es Salaam, Kunduchi, kuna makaburi ya kale yenye nguzo, na katika nguzo hizo wajenzi walipachika mabakuli na sahani za kigeni, zikitazama nje, ili maiti asikose alichokuwa nacho kidakani. Ndivyo ilivyofanywa pwani nzima, Kaole, Gedi na kwingineko. Nyingi zimekwisha kung'olewa na wapita njia na wauzaji wa vitu vya kale. Panapokosekana sahani pamebaki shimo la mviringo katika chokaa, na ukilitazama kwa karibu utaona chokaa imeshika alama ya kitako cha chombo, duara ndani ya duara, bila ya mchoro wowote.